Swali la Bwana Quigg

Bwana Quigg hunikuta alfajiri nikitoka zamu ya usiku,
yeye ndani ya uzio, mbwa wake kwenye kamba ya kiatu,
na swali lake ni lile lile:
How are you keeping?

Mara ya kwanza nilijipapasa mifukoni.
Natunza nini, mzee? Nina ufunguo,
risiti ya mkate, glavu moja.
Nikamwonyesha glavu.
Akaigeuza huku na huku kwa adabu,
akasema ni glavu nzuri.

Alhamisi, katika ukumbi wa kanisa,
mwalimu Noreen akaandika keep kwa wino wa kijani,
akachora mishale ikitoka pande zote
mpaka neno likawa nungunungu.
Chenji, baki nayo. Siri, ifiche.
Ahadi, itimize. Kushoto, shika huko huko.
Maziwa ya leo hayafiki Jumapili:
hata kutochacha kumo humo humo, ndani ya keep.

Na kuku? akauliza Deolinda.
Na kuku pia, akasema mwalimu. Kuku hufugwa.
Tukacheka sote watano, tukashindwa kueleza.
Kuku tunaowajua hapa Dungannon
hupita miguu juu, uchi, wakining'inia kwenye kulabu,
na msimamizi nyuma yetu: keep up, keep up,
yaani mikono iende na kulabu.
Mama yangu kule Baucau alifuga saba.
Mmoja alikuwa kipofu, akila kwa kusikiliza.

Nilipojaza daftari, upande wa Kitetum
niliandika rai. Kwetu rai ni kuweka akiba,
na rai ni ardhi, nchi, udongo wa chini ya kucha.
Nikakaa nalo hilo. Kalamu ikavuja.
Mwalimu akazima taa moja, kisha ya pili.

Leo nimemwahi.
Na wewe, Bwana Quigg, how are you keeping?
Akanyamaza kama mtu anayehesabu.
Ah, sure, akasema, kisha maneno mengi ya haraka,
nami nikaokota machache: mke, Machi, koti
ambalo bado linaning'inia nyuma ya mlango,
halimzuii mtu kupita, basi na likae.
Mvua ilikuwa inatupiga kwa ubavu.
Glavu niliyo nayo bado ni moja.
Mbwa amekaa juu ya viatu vyangu.