Popo na Mlulu

Chini ya daraja la mawe, mtoni Mtitu,
popo wananing'inia kama soksi zilizosahaulika kambani,
vichwa chini, mabawa yamekunjwa
kama mwavuli wa padre siku ya jua.
Hatua chache toka pale, kwenye kinyungu cha shangazi,
mlulu umezama topeni hadi magoti,
kichwa juu, kishungi wazi.

Nimetumwa kukata, si kutazama.
Kisu butu. Baridi ya Mei inang'ata vifundo.
Natembeza kidole kwenye bua:
kona, kona, kona.
"Nyasi ni mviringo," asema shangazi Sekinyaga,
"tete lina fundo. Huu hauna hili wala lile,
ndiyo maana unakubali kusukwa."

Na popo?

Anacheka, pengo mbele.
"Huyo ndege wakichanga, yuko kwa wanyama;
wanyama wakichanga, yuko kwa ndege.
Kama baba yako."

Naendelea kukata.
Baba Mbena, mama Mhehe wa hapahapa Kilolo.
Njombe naitwa mtoto wa Iringa.
Hapa naitwa mgeni, tena na mtu
niliyemfunga kamba za viatu akiwa mdogo.

Usiku popo hurusha sauti gizani
na kuisoma inaporudi: hapa mti, hapa ukuta,
hapa mbeta ya ulanzi iliyoachwa wazi.
Asubuhi ulanzi umepungua kidole kimoja
na mzee Mgovano anamnunia mkwewe.
Mlulu hauulizi njia.
Husubiri maji yaje na habari zao,
na ukikatwa leo, wiki ya pili
ncha ya kijani imeshatoboa tope.
Mimi sina sauti ya yule
wala subira ya huu.
Nina kisu, na kisu chenyewe cha kuazima.

Nainama kufunga mzigo.
Maji yametulia ghafla, kama mtu aliyeitwa jina,
na mle ndani
popo wamesimama wima, wote, kama wanakwaya,
na mlulu ndio unaoning'inia,
mizizi juu, kishungi kikigusa mawingu.

Nahesabu hadi nne.
Kisha chura anaruka, picha inavunjika.

"Lusungu! Kikapu hakisukwi kwa macho!"

Naja, shangazi.
Lakini nimebaki na bua moja mkononi,
nalizungusha, sijui nilishike upande upi.