Ishirini na Moja Mara Nne

Jua la Migosi halibishi hodi.
Saa tatu limeshapanda bati,
saa sita paneli zangu nane
zimekula mpaka zinacheua,
na mashine ya kutotolea vifaranga,
mayai mia mbili na arobaini tumboni,
haimalizi hata nusu.

Kinachobaki kinateremka na waya.
Kinavuka ua wa michongoma,
kinaingia kwa Ogada kinyozi,
kinanguruma kwenye kisogo cha mtu nisiyemjua.
Sina kinyongo. Jua si langu.
Ila mita yangu, ile kuukuu ya kijivu,
haitofautishi kutoa na kuchukua:
umeme uende, umeme uje,
yenyewe inahesabu tu,
na tokeni zinayeyuka
kama mtu anayetozwa nauli
kwa kumsindikiza mgeni.

Basi nikaenda kudai.

Niliweka mayai Jumatatu, Jumanne nikapeleka risiti.
Bi Nafuna wa dirisha la tatu, kucha za zambarau,
aliisoma kuanzia chini.
"Mama, kodi hii ulitozwa ya nini?
Vifaa hivi si vina msamaha?"
Nikasema, basi nisamehewe.
Akacheka, si kwa ubaya.
Msamaha upo, ila si dirisha hili,
si jengo hili, na aliyekuuzia lazima aandike barua.
Aliyeniuzia pale Kondele amehama.
Mlango wake sasa unauza magodoro.

Siku ishirini na moja.
Vifaranga mia mbili na sita.
Fomu: inashughulikiwa.

Awamu ya pili, wakaniuliza mwenye mita.
Zablon Nyangweso, nikasema, mume wangu.
"Afike mwenyewe atie sahihi."
Yuko Seme, nikasema, nyuma ya zizi la kaka yake,
mwaka wa tano huu,
na hajawahi kurudi kwa jambo kubwa kuliko hili.
Bi Nafuna akaweka kalamu chini.
Akaniletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe.
Kisha akanipa fomu nyingine.

Zablon alikuwa mtu wa kuzima taa.
Ukitoka chumbani kuchukua chumvi, ukirudi, giza.
Tulikula samaki kwa vidole vyenye macho,
tukijuana nani ametabasamu kwa sauti ya pumzi.
"Umeme," alikuwa akisema, "ni mgeni anayekula usiku kucha."

Awamu ya tatu mvua ya saa kumi ilikuja kila siku kutoka ziwani.
Vifaranga mia na tisini.
Usiku nilikuwa nikipima mayai,
moja moja mbele ya balbu,
yenye mishipa huku, mayai viza kule.
Nikaichukua nakala ya fomu, nikaiinua vilevile mwangani.
Mihuri miwili, doa la chai,
sahihi yangu ikiwa na mkia.
Sikuona kinachopiga.

Sikuitupa. Yai nalo husubiriwa siku moja zaidi.

Awamu ya nne, siku ya kumi na saba,
fundi Makokha alifika na ngazi, na mita mpya
yenye mishale miwili midogo,
mmoja ukiingia, mmoja ukitoka.
Nilikaa kwenye ndoo nikautazama ule wa kutoka
mpaka wali ukaungua.

Barua ikafuata.
Ile kodi, kimya mpaka leo.
Lakini umeme uliotoka umeandikwa: yuniti thelathini na moja,
si za kutolewa taslimu,
zitakatwa kwenye matumizi yajayo.
Na juu kabisa, kwa herufi nzito:
*Mpendwa Bwana Zablon Nyangweso,
tunakushukuru kwa umeme uliotupatia.*

Nilisoma nikiwa nimesimama.
Nikasoma tena, kwa sauti, kuelekea jikoni.
Wewe, Zablon. Wewe uliyetunyima hata mwanga wa kutoa miiba.

Nikawasha taa ya barazani, mchana kweupe.
Nikaiacha iwake.
Nikaenda kuwapa vifaranga maji.

Niliporudi, mkono wangu ukaizima.