Sharti Ainame

Nina jino moja, urefu wa kidole changu cha kati,
makali yake yamechongoka kama msumeno wa Hokororo,
na pingili mbili za mkia. Si mfupa, ni plasta ya mfupa.
Dinosaria aliyebaki wote ni nondo za milimita kumi na mbili
na ujasiri.

Mwalimu Nampunju anamtaka wima,
mkia chini, domo limeachama.
"Watoto waogope. Ndiyo maana Mipingo nzima imechanga."
Nikamjenga hivyo Jumatatu.
Jumanne alianguka chali, akanivunjia benchi.

Nikaenda kwa Somoe, jirani. Ana jogoo wa kuchi,
mrefu, mgomvi, shingo imenyonyoka.
Nikakaa juu ya tairi asubuhi nzima,
watu wanapita na magunia ya korosho kwenda ghalani, wananicheka,
mimi natazama goti.
Kumbe tunaloliita goti la kuku ni kifundo cha mguu.
Goti lenyewe liko juu, limejificha manyoyani
kama mdaiwa.

Anatua vidole kwanza.
Kichwa kinatangulia, kinatulia hewani,
mwili unakifuata.
Mtaka cha mvunguni, nikajisemea,
na huyu wetu naye alitaka cha mbele yake.

Nikakata nyonga, nikaunga upya.
Mgongo ukalala kama mtambo wa mizani:
kichwa huku, mkia kule, juu ya ardhi, hauburuzwi.
Nikamwachia.
Akasimama.

Rangi? Sijui, mwalimu. Nimempaka ya kuzuia kutu, nikaishia hapo.
Manyoya? Sijui.
Domo nimelifumba. Kuchi hapigi kelele akivizia panzi.

Babu yake baba alibeba mifupa ya hawa kichwani,
kutoka Tendaguru hadi bandarini Lindi, siku nne.
Wake hatukuupata hata mmoja.
Alitembeaje na mzigo ule, pale kwenye mteremko?
Baba alikuwa akiteremka anakunja magoti, shingo haitikisiki.
Labda hivyo.

Mwalimu amekuja, amezunguka mara mbili, hajasema kitu.
Ila Chinguile, wa darasa la pili,
ameweka daftari chini,
akalaza mgongo, akabana mikono kifuani,
akanyoosha shingo
na kuanza kutembea. Kidole kwanza. Polepole.

Hatua ya tatu,
kuchi wa Somoe akaruka ukuta.