Themanini na Tano

Kihisi chenyewe hakizidi kokwa ya tende.
Nimekitundika juu ya kitanda cha mama, Guraya,
kwa uzi ule ule wa chandarua,
na saketi yake ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Kila dakika tano huandika: saa, koma, nyuzi.
Mistari ishirini na miwili ya msimbo, basi,
kazi ya usiku mmoja na birika la kahawa.

Ijumaa, baada ya pilau,
nachomoa kadi, narudi nayo Mikindani.
Faili ni safu ndefu ya tarakimu,
daftari la muuza duka asiyekopesha:
29.8
29.8
30.1
Nikiiamuru ichore, Februari inainuka
na kijinundu chake cha saa kumi na moja alfajiri:
mlango wa jikoni u wazi, mafuta ya mahamri yamechemka.

Kasoro ilikuwa moja.
Karibu kila siku, saa kumi alfajiri,
kihisi kilisema 85.0.
Themanini na tano! Chumba kingekuwa tanuri.
Nikasoma maelezo yake: ndivyo kilivyo,
kikikatiwa stima kisha kikarudishiwa
neno lake la kwanza huwa hilo,
kama mtu aliyeamshwa ghafla
akajibu swali la ndotoni.
Nikaongeza kwenye msimbo wa kuchora
mstari wa ishirini na tatu:
ikiwa ni 85, tupa.

Grafu ikapendeza.
Ikaunga saa tano usiku na saa kumi
kwa mstari mmoja ulionyooka,
nami nikauamini, wiki tatu.

Hadi Shufaa, jirani wa ukuta mmoja, aliponiuliza:
"Mbona mamako apepea na kipepeo usiku kucha?
Pangaboi limekufa?"

Nikaufuta mstari wa ishirini na tatu.
Wakarudi wote kumi na tisa,
mashahidi niliowatoa nje kwa kusema uongo.
Mtaani stima haikukatika hata usiku mmoja.
Ni swichi kuu, na mkono uliopanda kiti kuizima.

Nikamwonyesha karatasi. Akavaa miwani.
"Themanini na tano? Mimi n'na sabini na tatu."
Kisha, polepole:
"Tokeni wanunua wewe. Joto nalala nalo mimi.
Sasa nani amdai mwenziwe?"
Akanisogezea sahani. Nikala.

Nilituma tokeni za elfu mbili.
Msimbo nao nikaurekebisha:
palipo pengo, usiunge.

Ijumaa iliyofuata, siku nne nzima bila kukatika.
Ya tano, pengo: saa saba hadi tisa na nusu,
fupi kuliko ya zamani,
kama mtu aliyekubali kupunguza bei
lakini si kwa kiasi ulichotaka.

Grafu nimeibandika juu ya meza yangu ya kazi.
Pale hapana wino.
Ni weupe wa karatasi, upana wa kidole gumba,
na ndani yake
pwa, pwa, pwa.