Friji

Umeme ulikatika Jumatano, saa tano usiku.
Igogo yote ikafumba macho,
kutoka nyumba za juu mawe­ni hadi relini.
Feni ya jirani ikakohoa, ikanyamaza.
Nikamgusa Bwire begani:
chomoa friji, linanipigia kelele.
Akanijibu gizani, taratibu,
kama mtu anayemwamsha mtoto ndotoni:
"Mama, umeme haupo."

Haupo. Na friji linaunguruma,
jembamba, halipandi, halishuki,
ndani ya sikio la kushoto.

Bugando wakanifungia kwenye kijumba kisichopitisha sauti,
wakanivika vifuniko masikioni, wakanipa kitufe:
ukisikia mlio, bonyeza.
Nikabonyeza.
Nikabonyeza tena. Kisha nikakiacha kidole palepale.
Yule binti akafungua mlango:
"Mama, bado sijawasha."

Sikio safi, wakaandika. Ngoma yake nzima.
Nilitamani waone hata kunguni
niweze kumwonyesha mtu.

Wifi yangu Nyamisi anasema sikio likilia
kuna anayekusengenya.
Mwaka wa pili sasa, wifi?
Hanywi maji huyo? Hana watoto wa kuogesha?
Wanasema pia sikio la kufa halisikii dawa.
Langu halijafa, ndiyo taabu yenyewe,
lasikia hata ambacho hakijasemwa.

Mchana sina neno nalo.
Napima dagaa mwaloni Kirumba,
na pale kila mtu ana koo la kukodi:
wachukuzi, madalali, mama wa uji,
mizani yangu yenyewe inalia kwa kutu.
Kelele za watu ni blanketi, najifunika.
Kosa langu lilikuwa usiku.
Nilifunga madirisha. Nilifukuza kuku wa watu.
Nilimkataza Bwire kukoroma, maskini,
akawa analala ameketi.
Nilidhani dawa ya kelele ni kimya,
kumbe kimya ndicho uwanja wake wa kuchezea.

Tulikwenda Ukerewe, kwenye msiba wa Mafuru.
Wakanilaza chumba cha nyuma,
hatua kumi hivi kutoka majini.
Usiku kucha ziwa likapiga mawe,
likarudi, likapiga,
na lile la kwangu likawa uzi mmoja
katika kanga nzima.
Nililala hadi watu wakaniona sina huzuni.

Siku hizi redio ya Bwire
naiweka katikati ya stesheni mbili,
pale pasipo na mtangazaji wala kwaya,
shaaaa tu, sauti chini.
"Unasikiliza nini?" aliuliza, amekasirika kidogo, betri ni ghali.
Sikumjibu. Nilikuwa nasinzia.
Sasa nikisahau, ni yeye anayepapasa kitufe.

Sisemi nimepona.
Kuna usiku redio haifui dafu.
Hapo natoka, napanda jiwe la nyuma ya nyumba,
pimbi wananipisha wakinung'unika,
nalaza sikio la kushoto pale jua lilipolala.
Jiwe halinyamazishi. Linapasha tu.
Mbali ziwani taa za dagaa zimetapakaa,
nyingi kuliko za mjini,
kila moja inawaka bila kelele,
na mimi nazionea wivu, taa.

Jumapili Majura, mjukuu, miaka sita,
alikuja na mdomo umejaa muwa:
Bibi, nataka kusikia friji lako.
Nikainama. Akabandika sikio lake langoni mwa langu,
akaacha kutafuna,
akafumba macho kabisa.
Hakuna daktari aliyekaa kimya muda ule wote.

"Unasikia?"

"Nasikia nywele zako," akasema.
Akaendelea kutafuna, sikio bado liko palepale,
na kwa mara ya kwanza
muwa ulikuwa mkubwa kuliko friji.