Maji ya Shuka

Mama mkwe alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.
"Mashine ya kukausha? Dodoma hii?
Hapa ukitema mate hayafiki chini,
na nyie mnakwenda kununua ukavu!"

Sikumjibu. Nilikuwa napiga mafundo kwenye uzi wa magunia:
fundo la kwanza, upana wa mlango wa stoo,
la pili, kina cha kona iliyo nyuma ya pipa.
Nikautia uzi kwenye pochi kama hirizi,
tukaenda, mimi na Chilongani, Barabara ya Saba.

Elibariki, kijana wa duka, alizifungua mashine midomo
moja baada ya moja,
kama dalali wa Msalato anayeonyesha meno ya ng'ombe.
"Hii ya bomba ni rahisi, ila utatoboa ukuta,
joto lote linakwenda nje."
"Nje?" Chilongani akauliza. "Mwezi wa kumi?
Nani huko nje kaomba nyongeza?"
"Basi hii ya tangi. Maji ya nguo yanajikusanya, unamwaga.
Na ile pale haili umeme kabisa, lakini bei yake…"
Akaangalia dari. Bei ilikuwa huko.

Kilo saba au nane?
Nane za nguo mbichi au nguo kavu?
Elibariki akageuza kijitabu, kimejaa Kichina,
akakigeuza tena.
"Za kawaida," akasema.

Wao walikuwa wanahesabu uniti za LUKU.
Mimi nilikuwa na hesabu yangu:
shuka nyeupe, saa tano asubuhi, kambani,
kisulisuli kinatokea upande wa Kizota
kimebeba kiwanja kizima,
na usiku Sechelela anakilalia kiwanja hicho.
Saa nane nasikia kifua chake,
mlango usiotiwa mafuta,
unafunguka, haufungi, unafunguka.
Pampu ya bluu mara mbili. Hesabu mpaka kumi, mwanangu.
Na shuka chini yake ina rangi ya matofali.
Nani kasema jua ni la bure?
Sisi tunalilipia usiku.

Tulichukua ya tangi.
Uzi ulisema itaingia. Haikuingia.
Tuling'oa mlango wa stoo, mpaka leo umeegemea ukuta.

Siku ya kwanza mama mkwe alileta kigoda,
akakaa mbele ya kile kidirisha cha duara, kaweka mikono magotini.
"Inazisonga," akasema, "kama ugali wa uwele."
Hakucheka tena, lakini hakuondoka.
Mashine ilipolia nikavuta droo.

Maji.
Lita mbili na kidogo, yametulia, yanang'aa.

"Haya yalikuwa ndani ya shuka?"
"Ndiyo, mama."
"Na miaka yote tuliyoanika, yalikuwa yanakwenda wapi?"

Mimi nimezaliwa na bomba uani.
Yeye alilala korongoni kule Mvumi akingoja zamu,
akafukua mchanga mpaka ukatoa jasho,
akachota kwa kata, kidogo, kidogo,
na ndoo ilipojaa kumekucha.
Ningemjibu nini?

Aliipokea ile droo kwa mikono miwili
kama anapewa mtoto wa siku tatu,
akapita mlango wa nyuma, hatua za kunyata,
hadi kwenye mzabibu uliotugomea mwaka wa tatu huu.
Akamimina shinani.
Akaikung'uta droo. Akaikung'uta tena.

Khanga zangu bado naanika nje, khanga haina pumu.
Ila shuka za mtoto hutoka za moto,
hazinuki jua, hazinuki kitu,
na saa nane naamka kwa mazoea,
nasikiliza giza:
uniti nne na ushee za kimya.

Mzabibu haujasema neno.
Lakini kila asubuhi, kabla ya chai,
mama mkwe anasimama mlangoni, kashika kapu tupu:
"Leo hakuna kabisa cha kufua?"