Kimo cha Tundu

Anza na mawe, maana mawe hayakuhama.
Msingi ni jiwe jeusi la mto Karanga,
limechongwa kwa mkono, pembe hazilingani.
Juu yake tofali za kuchoma. Juu ya tofali, bati,
la pili hilo; la kwanza upepo wa mlimani
uliling'oa usiku, likaokotwa uwanja wa shule.

Alijenga Kalasinga mmoja, Bachitar,
na vibarua wa Kibosho
ambao hakuna aliyeorodhesha majina yao,
ila mmoja alijiandika mwenyewe
chini ya dirisha la nyuma, kwa msumari, chokaa ikiwa mbichi:
NDESARIO.
S imegeuka. Hadi leo hakuna aliyethubutu kuisahihisha.

Sasa tazama tundu la barua.
Aliyechora ramani alilipima kwa bega lake,
mtu mrefu, nadhani, na mwenye kofia.
Mama yangu hakulifikia.
Alisimama na bahasha ya kwenda kwa baba, Nairobi,
akanyoosha mkono, vidole vikaishia kwenye mdomo wa shaba,
akangoja apite mwenye urefu.
Na kila mrefu aliyemsaidia
alisoma anwani kwanza.

Karani Aminieli aliona hayo kupitia nondo za dirisha.
Jumamosi moja akaja na toroli,
akabwaga jiwe bapa chini ya tundu.
Makao makuu wakaandika, kwa nakala tatu:
je, jiwe hilo limo katika daftari la mali?
Akajibu kwa telegramu, maneno manne,
kwa kuwa alilipa mwenyewe:
JIWE NI LA WATU.

Mama alilikanyaga miaka kumi na mmoja.
Mimi mgongoni, nikipewa bahasha niitumbukize,
nikitega sikio hadi igonge mbao za ndani.
Katikati jiwe likabonyea kama kinu.

Juu ya mlango palikuwa na taji. Likabanduliwa kwa patasi,
kovu lake ni jeupe kuliko ukuta.
Zikaja herufi za Jumuiya, nyekundu, za kujivunia.
Jumuiya ilipokufa zikapakwa rangi,
rangi yenyewe nyepesi, ya bajeti ya mwisho wa mwaka;
masika ikipiga ukuta ukalowa
zinarudi, zinasomeka mpaka jua la saa nne.

Kisha barabara.
Lami ya kwanza, lami juu ya lami, kifusi, ukingo wa zege.
Mlangoni tulikuwa tukipanda ngazi mbili,
siku hizi tunashuka moja.
Jiwe la Aminieli liko chini huko,
na tundu, lililokuwa la majitu,
linanifika kiunoni.

Bado nalipia sanduku la mama kila Januari.
Ndani hukuta ankara ya maji na kalenda ya benki.

Juma lililopita niliiandikia Manispaa
wafukue hapo, taratibu, kwa sururu ndogo, wasilivunje.
Ofisi yao iko mtaa wa pili, ningeipeleka kwa mguu.
Nikanunua stempu.
Nikainama, kama mtu anayeamkia wakwe,
nikaiachia.

Ndani hawajapandisha sakafu.
Barua ilianguka kimo kilekile cha zamani,
ikagonga mbao.